Mwalimu Mwanafunzi Asimulie Kwanza



Nataka kusema machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mtaona si la chama chetu. Mtasema chama ni cha mishahara, saa za zamu, viatu vya kazi na malipo ya uzeeni, na mambo ya shule yana wenyewe. Ni kweli. Lakini sisi tulio katika yadi na katika njia tuna watoto, na watoto hao hukaa darasani saa nyingi kuliko wanavyokaa nasi, hasa zile wiki tunapokuwa zamu ya usiku. Kwa hiyo mtu anayemfundisha mwalimu kazi yake anafanya kazi ndani ya nyumba yangu, nami nina haki ya kuuliza anaifanyaje.

Mimi ni mtu wa kuunganisha na kutenganisha mabehewa, Makadara. Umri wangu ni miaka 36. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni kule Vihiga, na baada ya darasa la nane karo haikupatikana, basi nikaja Nairobi kutafuta kibarua. Naishi Mowlem, chumba na sebule, orofa ya tatu. Mke wangu ni Mkamba wa Machakos, mimi ni Mluhya, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kinachopika na ndicho kinachoosha vyombo. Jirani wa mkono wa kulia ni Mjaluo, wa kushoto ni mama wa Kikuyu aliyeolewa na Mkisii, na chini kuna duka la Msomali. Ukivuka kwenda Kayole utakuta jamaa waliokimbia vita vya Kongo. Watoto wote hawa hucheza kwenye kipande kimoja cha uwanja, na lugha wanayopigiana kelele ni Sheng, ambayo sisi wazazi twaisikia nusu.

Sasa nieleze kilichotokea. Muhula uliopita, shuleni kwa binti yangu walikuja walimu wanafunzi, yaani vijana wa chuo cha ualimu waliokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Binti yangu yuko Gredi ya 3. Kijana mmoja akawaambia watoto wasimame mmoja mmoja, kila mtu aseme kwao ni wapi, kisha asimulie hadithi aliyosimuliwa na nyanya yake kwa lugha ya kwao. Wazo si baya, hata mimi ningelifurahia. Binti yangu akasimama akasema, "Kwetu ni Mowlem." Mwalimu akamjibu, "Mowlem ni pa kupanga. Nakuuliza kwenu hasa ni wapi?" Darasa likacheka. Mtoto akataja Vihiga, mahali alipofika mara tatu tu maishani mwake, na mara moja katika hizo ilikuwa kwa mazishi. Akaambiwa, haya, simulia kwa Kiluhya. Hakuweza. Akaketi. Baada yake akasimama mtoto wa Kongo, akaanza hadithi vizuri sana kwa Kiswahili cha kwao, lakini alipotamka "batoto" badala ya "watoto" darasa zima likapiga kelele, naye akanyamaza pale pale katikati ya hadithi.

Binti yangu hakuzungumza darasani kwa juma zima. Nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Baba, kama hapa si kwetu, kwa nini tunalipa?"

Nilikwenda shuleni siku yangu ya mapumziko, nikiwa na hasira ya mtu ambaye hakulala. Nilitazamia kukuta mtu mwenye kiburi. Nikakuta kijana wa miaka 22 hivi, amevaa tai iliyofungwa vibaya, anaogopa kuliko mtoto wangu. Aliniambia amezaliwa na kusomea mahali ambapo darasa zima hutoka mlima mmoja, na swali la "kwenu ni wapi" huko ni kama salamu. Hakuna aliyemwambia kwamba mjini swali hilo linaweza kuwa jiwe. Sikumpenda siku ile, lakini nilimwelewa, kwa maana mimi mwenyewe siku yangu ya kwanza yadini nilisimama kati ya mabehewa mawili mahali ambapo mtu hasimami.

Na hapo ndipo nataka mnisikilize.

Sisi reli twajifunza namna gani? Kuna kitabu cha sheria, na kuna Chuo cha Reli ambacho kimekuwako tangu mwaka 1956. Sisemi neno baya juu ya kitabu. Lakini kitabu kinasema usiingie kati ya mabehewa yakiwa katika mwendo, na wewe wasoma, waenda zako. Kilichonishika mimi ni mzee mmoja wa zamu yetu aliyenikalisha kwenye taruma la zamani, akavua glovu, akanionyesha mkono wenye vidole vitatu. Akaniambia ilikuwa saa ngapi, mvua ilikuwaje, alikuwa akifikiria nini, na nani alimshikia taa. Dakika tano tu. Mpaka leo nikisikia bafa zikigongana naiona glovu ile. Sheria niliisoma, lakini hadithi yake ilinifundisha kuogopa mahali panapofaa kuogopwa.

Basi nimekuja kujua kwamba iko njia ya kuwafundisha walimu ambayo yafanana na taruma lile. Wanaiita hadithi za kidijitali. Jina ni kubwa, lakini jambo lenyewe ni dogo. Lilianzishwa California, Marekani, katika miaka ya 1990, na Joe Lambert na wenzake. Watu kumi hivi huketi duara. Kila mmoja asimulia jambo moja lililompata yeye mwenyewe, na wengine wasikiliza bila kukatiza. Kisha aliandika kwa ufupi, ukurasa mmoja tu, analisoma kwa sauti yake na sauti hiyo inarekodiwa, halafu anaweka picha zake juu ya sauti: picha ya zamani ya nyumbani, mchoro, mkono wa mama, mlango wa chumba. Mwisho anapata filamu ya dakika mbili au tatu. Kisha wote huketi tena kuzitazama pamoja. Zamani ilihitaji kompyuta na mtu wa kuiongoza. Siku hizi simu ya kawaida ya mkononi yatosha.

Huko Cape Town, Afrika ya Kusini, kiko Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Peninsula ya Cape. Chuo hicho kilizaliwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vyuo viwili, ambavyo wakati wa ubaguzi wa rangi kimoja kilikuwa cha Wazungu na kingine cha wale walioitwa machotara. Waweza kufikiri vijana waliokuja kuwa walimu pale walivyoketi: hawa upande huu, wale upande ule, ingawa mlango ni mmoja. Tangu mwaka 2010 hivi, wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa mwisho pale wamekuwa wakitengeneza hadithi za namna hii juu ya maisha yao wenyewe na kuonyeshana, kabla ya kutoka kwenda kufundisha madarasa yenye watoto wa kila namna. Kijana aliyepelekwa shule kwa gari la baba anasikia kwa sauti ya mwenzake, ambaye ameketi naye mwaka wa nne sasa, jinsi alivyofanya kazi ya kuuza sokoni ili apate sare.

Naipenda habari hiyo, lakini sitaki kuipaka sukari. Mwalimu mmoja aliyekuwa katika kazi hiyo na kuichunguza kwa miaka, Bibi Daniela Gachago, ameonya kwamba machozi ni rahisi kupatikana na mabadiliko ni magumu. Watu wanalia chumbani, wanakumbatiana, halafu mwenye nafasi njema anarudi na nafasi yake njema, na mwenye kusimulia taabu yake ameachwa uchi. Ndugu, hili twalijua hata bila chuo kikuu. Mara ngapi tumelia kwenye mchango wa mazishi ya mwenzetu, kisha kesho yake mtu hakumbuki kuuliza mjane alilipwa nini?

Tugeuke kwetu Kenya. Sheria hatuna upungufu nazo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilisema watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mjini hapa lugha hiyo ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ikaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji na lugha ya ishara. Mtaala mpya wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019 wasema mtoto asimulie, achore, acheze, asiwe wa kukariri tu. Walimu nao, tangu mwaka 2021, husoma diploma ya miaka mitatu badala ya ile cheti ya P1 ya miaka miwili. Haya yote ni mazuri. Lakini katika miaka hiyo mitatu yule kijana wa tai hakuwahi kuulizwa mbele ya wenzake, wewe ni nani, ulifikaje hapa, na ni neno gani uliloambiwa shuleni ambalo hujalisahau?

Angeulizwa, labda angekumbuka. Mimi nakumbuka langu. Shuleni kwetu aliyesikika akisema Kiluhya alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwingine akikosea amvishe. Tulikuwa wapelelezi wa midomo ya rafiki zetu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya jambo kama hilo la utotoni mwake katika kitabu chake cha mwaka 1986, na mimi niliyezaliwa baada ya Uhuru kwa miaka mingi nililikuta bado lipo. Sasa tazameni mzunguko huu: mimi nilipigwa kwa kusema lugha ya kwetu, na binti yangu amechekwa kwa kutoijua. Mtoto wa Kongo anachekwa kwa Kiswahili chake na mtoto wa Mowlem anakemewa kwa Sheng yake. Kila mara kosa ni la mtoto.

Wenzangu niliozungumza nao wakati wa chai wamenipinga, na ni haki niseme walivyonipinga. Mmoja alisema, darasa lina watoto sabini, walete walimu kwanza, hadithi baadaye. Sina ubishi naye juu ya sabini. Lakini mwalimu wa pili atakayeletwa naye atauliza "kwenu ni wapi" kama wa kwanza, na badala ya kosa moja tutakuwa na mawili. Mwingine alisema tumekwisha kuona mambo ya mashine. Huyu ndiye aliyenisumbua. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta za watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka 2016 vishikwambi zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za serikali. Wazazi wenye macho wanajua mahali vingi vilipoishia: kabatini, kufuli juu, betri zimekufa. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa ni kuanza na sanduku. Mashine ilifika ikiwa tupu, ikangoja mtu aijaze, na mwalimu hakufundishwa kwamba yeye mwenyewe anacho cha kuijaza. Hii ninayoisema inaanza na mtu na duara, na simu inakuja mwisho. Ikiharibika, hadithi imekwisha kusemwa.

Wa tatu, fundi wa breki, hakunipinga bali aliniongezea. Mwanawe ni kiziwi. Alisema hadithi ya karatasi mwanawe haipati na hadithi ya redio haipati, lakini mtoto huyo akipigwa picha ya video akisimulia kwa mikono yake, mwalimu mwanafunzi ataitazama mara tano na kujifunza. Jambo hili mimi sikulifikiri kabisa.

Liko jambo la hatari ambalo lazima lisemwe wazi. Duara hili ni la walimu wanafunzi, watu wazima, kusimulia habari zao wenyewe. Si ruhusa ya kumwelekezea mtoto simu na kumwambia alie mbele ya watu. Mmeona jinsi picha ya mtoto anayekosea kusoma inavyosambazwa simu kwa simu watu wacheke. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na mimi nasema idhini hiyo isiwe karatasi ya kutiwa sahihi haraka mlangoni pamoja na risiti ya pesa za chakula. Hata kwa watu wazima, yeyote akisema "hii ibaki chumbani," ibaki chumbani. Na asiyetaka kusimulia taabu yake asimulie alivyojifunza kuendesha baiskeli. Hakuna anayepaswa kulipa maksi za chuo kwa kidonda.

Gharama nayo ni gharama. Bando si bure, na mwanafunzi wa chuo ambaye baba yake ni kibarua hana simu nzuri kama ya mwenzake. Kwa hiyo vyuo vitumie simu moja kwa watu watano, na kazi ifanyike bila intaneti mpaka mwisho. Hili lawezekana, kurekodi sauti hakuhitaji bando. Tena si lazima kila kitu kianze upya. Tangu mwaka 2014 uko mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika ya Kusini na ambao Kenya imekuwamo tangu mwanzo, unaotoa bure vitabu vidogo vya picha kwa lugha nyingi za Afrika. Mtu yeyote aweza kuandika chake humo au kukitafsiri cha mwingine. Mwalimu mwanafunzi aliyesimulia hadithi yake chuoni, akija Mowlem, angeweza kukaa na wazazi watatu, Mkamba, Mjaluo na Mkongo, akaandika hadithi zao fupi na kuzisoma darasani kwa Kiswahili, huku neno moja moja la lugha ya mwenyewe likibaki mahali pake. Hapo "batoto" lingekuwa neno la hadithi, na mtoto aliyelileta angekuwa mwenye kulieleza.

Kwa nini nashikilia hivi, mimi mtu wa mabehewa? Mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli Kibera. Mimi nilikuwa sijaajiriwa, lakini wazee wa genge waliokwenda kuitengeneza wamenisimulia. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima katika miezi ile kuwa watu 1,133. Vijana wale walikuwa wamepita madarasani. Wengi walikuwa wameketi dawati moja na watoto wa majirani ambao baadaye waliulizana swali lile lile, "kwenu ni wapi hasa?", na safari hiyo aliyeuliza hakuwa mwalimu, wala darasa halikucheka. Sisemi filamu ya dakika tatu ingezuia panga. Nasema mwalimu ana miaka mingi na mtoto kabla panga halijapatikana, na ningependa katika miaka hiyo awe amejifunza kusikiliza jibu la "Mowlem" bila kulisahihisha.

Basi naomba mambo mawili. La kwanza, wawakilishi wetu wanapokutana na ndugu wa vyama vya walimu katika vikao vya pamoja, walitaje hili, kwamba vyuo vya ualimu vitenge juma moja, moja tu, kabla ya mazoezi ya kufundisha, kwa duara la hadithi, na mwalimu wa chuo naye aketi humo asimulie yake, asikae pembeni akitoa maksi.

La pili ni la hapa kwetu. Yule kijana wa tai tumekuwa tukizungumza. Amerudi chuoni, na alipowaeleza wenzake yaliyotokea, wanne wamekubali kuja pamoja naye. Karani wa tawi ametupa chumba cha mikutano Jumamosi ya kwanza na ya pili ya mwezi ujao, saa 8 hadi saa 10 mchana, maadamu hakuna kikao. Vijana watasimulia kwanza, kisha sisi wazazi. Binti yangu amesema atakuja kusikiliza tu. Kila mtu alete picha moja ya zamani ya karatasi na simu iliyojaa chaji, kwa sababu chumba kile kina soketi moja, na hiyo ni ya birika la chai.